Gauni la Yadi Mbili na Nusu

Watu wa mtaani kwetu wakisimulia miaka ile husema, "Ndivyo mambo yalivyokuwa," kana kwamba mambo yalikuja kwa miguu yao wenyewe. Mimi sisemi hivyo. Nnawakumbuka wote waliokaa kwenye meza ya tawi la chama siku ile, mmoja mmoja, na alivyovaa kila mmoja. Kiti cha tatu kutoka dirishani nilikaa mimi.

Mwamvua alikuwa shoga yangu tangu tulipokuwa chuoni Kikwajuni, tunasomea juzuu moja ya Kurani na kuchapwa kwa bakora moja. Mama yake alikuwa akipiga pasi kwa fundi mmoja wa Kigoa aliyekuwa na duka lake Mji Mkongwe. Mwaka wa sitini na nne yule Mgoa alifunga duka akaondoka, akamwachia mama yule vitu viwili: cherehani ya mkono, na sanduku la bati lililojaa karatasi za kukatia nguo. Zilikuwa nyepesi kama ganda la kitunguu. Nyengine zilikuwa za zamani mno, za kabla sisi hatujazaliwa, zimekunjwa ndani ya bahasha zenye picha za wanawake wa Kizungu. Kila kipande kilichapwa maneno: huu mkono, hii kola, hapa paelekee kwenye mkunjo wa kitambaa.

"Huyu tumbo lake kalitia wapi?" Mwamvua aliniuliza siku ya kwanza, kidole juu ya picha.

"Kalisahau Ulaya."

Maneno yenyewe yalikuwa ya Kiingereza, na Mwamvua hakukijua. Mimi ndiye niliyesemwa nnakijua. Skuli sikuiona ndani. Kusoma nilijifundisha kwenye magazeti yaliyofungiwa njugu, na Kiingereza kwenye kamusi niliyoiokota jaani, iliyoliwa na mchwa kurasa za mbele hata ikawa inaanzia herufi ya D. Basi tukagawana kazi: yeye mikono, mimi macho. Mimi nnasoma, yeye anakata. Tulijishonea magauni ambayo wasichana wa mtaani walikuja kuyashika pindo na kuuliza fundi nani.

Baada ya Mapinduzi mimi nikapata na mdomo. Nilisimama juu ya kasha la soda nikawasema makabaila mpaka sauti ikakauka. Hilo silijutii. Nililolisema juu yao lilikuwa kweli, na wakirudi leo nitalisema tena. Nnalolijutia ni dogo kuliko hilo, na kwa udogo wake siwezi kulitupia historia. Ni langu.

Mwaka wa sabini na moja zilitoka nafasi za mafunzo ya ukunga, na mtaa wetu ukapewa moja. Hapakuwa na aliyeistahiki kuliko Mwamvua. Alikwisha kumsaidia mkunga wetu wa mtaa, Bi Mwanapili, kuzalisha mara nne, na bibi yule alikuwa akisema, "Huyu mkono wake hautetemeki." Lakini kila anayeomba alitakiwa kwanza aje tawini, aonekane, apewe barua. Orodha ingefungwa Jumaamosi.

Gauni lake la pekee lilikuwa limetoboka kwapani. Alipanga foleni ya kitambaa siku mbili, akatoka na yadi mbili na nusu za poplini ya buluu. Hapo ndipo tulipolifungua tena lile sanduku. Tukachagua bahasha ya wakati wa vita vya Wazungu, kwa sababu wao nao walikuwa na shida ya kitambaa, na gauni lile lilikatwa kwa kubania. Yadi mbili na nusu zilitosha.

Nilimsomea kipande kwa kipande. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja wa herufi ndogo ambao kwenye bahasha nyengine hatukuwahi kuuona. Neno lake la kwanza lilianza kwa A. Mengine mawili yalianza kwa C. Kamusi yangu haikufika huko.

"Na hapo chini pameandikwa nini?" Mwamvua aliuliza, mkasi mkononi.

"Hapo? Jina la waliochapa."

"Una hakika? Maana kitambaa ndicho hichi, shoga. Nkikosea sina chengine."

"We Mwamvua! Mimi nnahutubia watu mia tatu, nije nishindwe na karatasi ya Mgoa?"

Akacheka. Akakata.

Siku ya Jumaatano alilivaa kulijaribu. Lilimbana kifuani, mikono haikumruhusu kuinua mkono juu, na goti likachungulia. Alifumua, akashona tena ukingoni kabisa mwa kitambaa. Upindo wa chini akaukunja mwembamba kama utambi wa kandili. Goti lilikuwa pale pale.

"Mize, hii karatasi ilikuwa ya mtu au ya mdoli? Hebu isome tena."

"Nshasoma. Umenenepa wewe."

"Kwa mchele gani?"

Alisema basi, atavaa buibui juu, anakwenda kuchukua barua tu, hakwendi kuchezwa ngoma.

Sasa nikwambieni na jambo la tawi. Wiki moja kabla, tawi letu lilikuwa limepitisha kwa hamasa yake lenyewe kwamba msichana yeyote anayekuja kuomba jambo apimwe nguo yake. Gauni lishuke chini ya goti na lisibane. Tangazo nililiandika mimi kwa mkono wangu. Futi ya kupimia ilikuwa yangu, nimeitoa kwa kujitolea.

Alkhamisi asubuhi Mwamvua aliingia, akatoa salamu. Mwenyekiti wetu alikuwa Bwana Pandu, mtu aliyekuwa na chama kimoja mchana na chengine jioni mpaka alipojua nani kashinda. Pembeni yake alikaa Bi Hija, mshika daftari.

"Vua buibui, ndugu," Bwana Pandu alisema. "Huku hakuna wanaume, kuna viongozi."

Akavua. Bi Hija akapiga goti chini na futi yangu.

"Inchi mbili juu ya goti, Mwenyekiti."

"Lahaula! Nani kakukatia nguo hii?"

Pale ndipo palipokuwa pangu pa kusema. Nilikuwa nimekwisha kuuona ule mstari mdogo machoni mwangu, herufi kwa herufi. Mwamvua hakunitazama.

"Nimejikatia mwenyewe."

"Mtindo umeutoa wapi?"

"Kwenye karatasi za zamani. Za Mgoa aliyekuwa akifanyiwa kazi na mama."

"Ehee! Mmesikia?" Bwana Pandu akanigeukia kwa furaha. "Ndugu Mize, wewe ndiye mwenye ulimi. Hebu mfahamishe ndugu yetu."

Nikasimama. Ningeweza kusema maneno manne: kosa ni langu mimi. Nilisema mia nne. Nilisema kasumba haikuondoka na meli, imebaki masandukuni mwetu. Nilisema wako watu ambao mkoloni keshakwenda zake, lakini bado wanatawaliwa na karatasi zake. Nilisema mkunga wa taifa hawezi kuanza kazi kwa kumwonesha kila mtu magoti. Waliokuwa wakichungulia dirishani wakapiga makofi, nami, Mungu ananiona, nikayapenda makofi yale hata nikaongeza.

Mwamvua alivaa buibui lake taratibu, akatengeneza ukaya wa kichwani.

"Ahsante, Ndugu Mize," akasema, akatoka bila barua. Tangu utotoni hakuwahi kuniita Ndugu.

Alasiri nikaichukua ile karatasi mpaka kwa Mwalimu Bakar, jirani yetu. Hakuhitaji hata miwani. "Imeandikwa: ongeza inchi moja kila upande kwa ajili ya mshono, na tatu chini kwa ajili ya upindo. Karatasi hii haikuacha nafasi hizo." Kisha akauliza, "Kwani vipi?"

"Hapana. Nilitaka kujua tu."

Hapo bado ilikuwa Alkhamisi. Mnaonihesabia muda, hesabuni vizuri: Alkhamisi jioni, Ijumaa nzima, Jumaamosi mpaka saa sita. Ijumaa baada ya sala nilikwenda nyumbani kwa Bwana Pandu. Nilitembea huku maneno nimeyapanga. Alinipokea barazani, akaniletea kahawa, akasema hotuba ya jana haijapata kusikika mtaani, na kwamba jina langu litapelekwa juu. Nikanywa kahawa. Nikanywa na kikombe cha pili. Nikaaga nikaondoka.

Nafasi ya mtaa wetu ikaenda kwa mtoto wa dada yake Bwana Pandu, msichana aliyezimia akiona kuku anachinjwa. Hakumaliza mwaka. Jina langu halikupelekwa popote.

Mwamvua aliolewa Kendwa mwaka uliofuata. Sikualikwa. Mpaka mwaka wa sabini na tatu ndipo nilipopanda gari la shamba nikaenda, nikateremka Nungwi, nikatembea kilichobaki. Nilimkuta nyuma ya nyumba anapiga makumbi ya nazi kwa rungu, amejifunga kanga mbili. Cherehani sikuiona. Nilipoiulizia alisema kamwachia mama.

Alinikaribisha kwenye mkeka kama anavyokaribishwa mtu. Tukaulizana hali, ya mjini, ya watoto. Kisha nikasema:

"Nimekuja kukwambia kitu. Ule mstari wa chini haukuwa jina la waliochapa."

"Nnajua."

"Unajua?"

"Tangu naunganisha bega. Mshono ulipoila nguo niliona karatasi haikuacha nafasi. Mkono wangu si mjinga, Mize."

"Mbona hukusema tawini?"

"Niseme nini? Kwamba yule anayewasomea watu magazeti hajui kusoma? Wangekucheka mpaka leo. We huwajui watu wa Kikwajuni?"

Akacheka kidogo, na mimi kwa upumbavu wangu nikacheka naye, nikidhani yamekwisha. Akaliweka rungu chini.

"Kutojua hakuna aibu. Hata ule uongo wa karatasi ningekusamehe, nlijua umetoka wapi. Lakini ulipoambiwa sema, Mize. Mdomo ulikuwa nao. Hukuazima kwa mtu."

Nimebishana na mabwana shamba, na mashekhe, na watu wenye bunduki. Njia nzima kutoka mjini nilikuwa nimejitayarishia majibu: nilikuwa kijana, ningefukuzwa, zama zilikuwa zile. Kila moja nililitazama nikaliona limevaliwa na Bwana Pandu kabla yangu.

"Mwaka jana," akasema, macho kwenye makumbi, "nilizalisha hapa mtoto wa jirani. Kitovu kilimzunguka shingoni. Nikafanya nnachokijua. Nnachokijua hakikutosha."

Huko shamba mgeni haachwi mlangoni. Husindikizwa mpaka njia kuu, na akabebewa mzigo wake, hata akiwa adui. Mwamvua alinipa maji, akanifungia viazi viwili vya kuchoma kwenye jani, kwa sababu hakuwa mtu wa kumtoa mgeni na njaa. Kisha akarudi kwenye makumbi yake. Nikaondoka peke yangu, na nyuma yangu nikawa nnasikia rungu lile likipiga, pigo juu ya pigo, halikusita hata mara moja.