Uwanja Usio na Nyumba

Mwaka wa hamsini na nne serikali ya wakoloni iliwapa watu siku mbili za kubomoa nyumba zao, na siku ya tatu homugadi, askari mgambo wa serikali hiyo, wakaja na moto kwa wale waliokuwa bado wanafikiri. Ciakuthii aliibomoa yake mwenyewe. Aling'oa nguzo moja moja, akazibeba mgongoni, kamba ikiwa kipajini, akavuka mto Rupingazi mara tisa mpaka kwenye kijiji kipya, ambako kila familia ilionyeshwa mahali pake kwenye mstari. Yeye aliangukia mstari wa nne.

Siku ya baraza, karani wa kijiji aitwaye Kithaka, kijana mwenye soksi ndefu na maneno marefu zaidi, aliwaeleza neema waliyoletewa. Kungekuwa na bomba la maji, zahanati, duka na barabara iliyonyooka. "Nyinyi sasa ni watu wa mji," akasema, "na hakuna mtu amewapeleka mbali. Mashamba yenu si ndiyo yale hapo ng'ambo?" Ni kweli, yalionekana. Hakugusia handaki walilochimbishwa kuuzunguka mji huo, likajazwa miti iliyochongwa ncha, wala lango lililofunguliwa kwa muda wa saa mbili tu kwa siku. Akufukuzaye hakwambii toka, na mwingine hukuhutubia kabisa.

Mume wa Ciakuthii, Mwaniki, alikuwa kizuizini mwaka wa pili, na kila mkewe alipouliza alitajiwa kambi nyingine. Binti yao wa pekee, Muthoni, aliolewa Githongo, upande wa Meru, na bila pasi ya kusafiria hakuna aliyeikanyaga barabara. Kwa hiyo Ciakuthii alikuwa peke yake katikati ya nyumba mia mbili. Alimsikia jirani yake Wambura akikohoa ng'ambo ya ukuta, aliwasikia watoto wa mstari wa tano wakililia uji, na kati ya sauti zote hizo hakuna hata moja iliyokuwa ya mtu wake.

Sasa, kwao uwanja wa nyumba hufagiliwa kila asubuhi. Ukiota nyasi, wapitao husema mwenyewe amekufa, na wakisema wengi, hufa kweli. Huo ndio woga uliomkaa Ciakuthii moyoni. Nyumba walimwambia abomoe, sawa, akabomoa. Uwanja hakuna aliyemwambia auache.

Basi lango likifunguliwa, wanawake wenzake walikimbilia viazi vitamu na ndizi, maana muda ule haukutosha kulima, kuvuna na kurudi. Yeye alikimbilia uwanjani. Aling'oa nyasi, akafagia udongo mwekundu kuanzia pale palipokuwa na mlango mpaka njiani, na mahali penyewe pa nyumba akapazunguka bila kupakanyaga, kana kwamba kuta bado zimesimama. Dakika zilizobaki alichimbua viazi viwili vitatu, na filimbi ikalia.

Homugadi walimcheka. Wambura hakucheka, alimkaripia. "Mama Muthoni, unafagia hewa? Huyo mwanamume akirudi akute umekufa njaa, huo uwanja utamfaa nini?" Kisha akammegea viazi vyake, kama alivyofanya karibu kila siku, huku akinung'unika. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wahenga walisema, na wala hawakuwa wakitania.

Alifagia hivyo kwa miaka minne. Mwaka mmoja, wakati wa mvua za Aprili, aliugua homa wiki mbili. Alipopata nguvu za kuvuka mto alikuta nyasi zimefika kifundoni. Alikaa chini akalia kwa sauti, hakujali bunduki zilizokuwa zikimtazama, halafu akainuka akaanza upya.

Mwaniki alirudi mwaka wa hamsini na nane, akashushwa na lori la serikali akiwa na blanketi moja. Wakati huo lango lilikuwa halifungwi tena, na maofisa wa ardhi walikuwa wakipima mashamba upya. Kila mwenye nyumba alitakiwa aseme kama atajenga shambani kwake au atachukua kiwanja pale kijijini, ambapo sasa palianza kuitwa soko. Zamu ya mstari wa nne ilikuwa Alhamisi. Jumatano asubuhi Ciakuthii akampeleka mumewe ng'ambo.

Mwaniki alisimama pembeni mwa uwanja, asiingie. Alisema ni safi. Alitazama huku na huku, akauliza kutoka pale mpaka kwa mtu wa karibu ni mwendo gani. Ciakuthii akamwambia wenzao bado hawajarudi, lakini watarudi, na kilima chote kwa sasa ni chao.

"Baba Muthoni," akasema, "kesho utawaambia nini?"

Mwaniki akaeleza, akitazama chini, kwamba miaka mitano amelala mtu kulia na mtu kushoto, akaamshwa na filimbi, akala kwa foleni. Tangu arudi amepata usingizi kwa sababu anamsikia Wambura akikohoa ukutani. Kithaka amemwambia kuna kiwanja cha duka karibu na bomba. Angeuza chumvi na sukari, watu wangeingia na kutoka kutwa nzima.

"Hapa naogopa," akasema. "Hapa tutakuwa wawili tu."

Ciakuthii alitaka kumwambia kwamba maneno hayo anayajua. Ndiyo aliyokuwa akijiambia kila aliposhika ufagio, siku ya njaa na siku ya homa: kule tutakuwa wawili tu. Akamtazama mumewe usoni, akaona kwamba hasingizii, anaogopa kweli. Basi alimshika mkono, wakashuka mtoni, wakapanda kuelekea kijijini, na tangu mumewe achukuliwe hakuwahi kuwa mpweke kama alivyokuwa asubuhi hiyo, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Mwaniki.