Amani ya Kata Moja

Bakuli la maji ya baraka mlangoni mwa kanisa lilikaushwa, likafunikwa kwa kitambaa cha zambarau, na chini yake ikawekwa ndoo ya plastiki yenye bomba na kipande cha sabuni kilichofungwa kwa kamba. Wazee waliingia, wakachovya vidole kwenye kitambaa kwa mazoea, wakashtuka, kisha wakafanya ishara ya msalaba kwa mkono mkavu. Kando ya ndoo alisimama Mektrida, mwenyekiti wa Jumuiya ya Mtakatifu Monika, barakoa yake ya kitenge imepanda hadi chini ya macho.

"Mpaka kwenye viwiko, Mama Kindness."

"Viwiko? Mimi nimekuja kusali, Mama Evelyn, sikuja kupasua mtu."

Wanawake waliokuwa nyuma wakaangua kicheko.

"Hata Mtakatifu Petro hatatukagua namna hii mlangoni kwake!"

"Petro haogopi korona. Nawa."

Ilikuwa Kwaresima ya mwaka ule ambao ugonjwa ulirudi mara ya pili, nao watu wa Uru wakawa wanalikwepa jina lake. Walisema kifua. Walisema mafua makali, au changamoto ya kupumua. Padre Gabriel hakukwepa. Alisimama mbele ya waamini akasoma maagizo moja baada ya jingine: benchi moja watu watatu, amani mtatakiana kwa kuinamisha kichwa, Komunyo itapokewa mkononi, sala za jumuiya majumbani zimesimama, na chombo kimoja kisipite midomo ya watu wawili, iwe kanisani, iwe msibani, iwe penye mbege, pombe yetu ya ndizi. "Wenyeviti wa jumuiya ndio macho yangu," alisema. "Kule migombani mimi sifiki. Ninyi mnafika."

Mektrida aliyachukua maneno hayo kama kiapo. Jumapili moja Basili, mume wa Mama Kindness, alikohoa akiwa kwenye foleni ya ndoo. Kila mtu alijua kikohozi cha Basili kilikuwa cha tumbaku, tena kilikuwepo kabla ya ndoa yake. Mektrida alimrudisha nyumbani mbele ya watu wote. Mzee wa watu akavaa kofia yake, akashuka njia ya mfongo, ule mfereji wa maji ya mashamba, polepole bila kugeuka.

"Umemwaibisha," Vedastus alimwambia mkewe walipofika nyumbani.

"Sheria haina shemeji wala jirani."

Vedastus alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye viganja vilivyopasuka kwa jembe na weusi wa maganda ya kahawa ukiwa umeganda ndani ya mipasuko. Kanisani alikaa siku zote mwisho wa benchi, upande wa njia. Wakati wa Komunyo ulipofika, aligeuza magoti pembeni ili wenzake wapite, akayarudisha, akabaki peke yake. Watoto waliozaliwa na kupata Komunyo ya kwanza katika kigango kile hawakuwahi kumwona akisogea mbele.

Sababu ilijulikana. Vedastus alikuwa kitinda mimba, na kwa desturi ndiye aliyerithi nyumba ya baba na kihamba chake, shamba la migomba na kahawa linaloizunguka. Kaka yake Melkior, mtoto wa kati, aliambulia kipande cha pembeni na shamba la porini kule tambarare. Siku moja, baba yao akiwa angali hai, Melkior alilewa hasira akang'oa masale yote, ile mimea ya mpakani, akafyeka na mibuni ambayo mzee aliipanda kwa mkono wake. Mzee aliona masale yamelala chini, mizizi juu, akaingia ndani, hakutoka tena hadi alipobebwa. Kaburini Vedastus alisema mbele ya ukoo kwamba hatakunywa mbege kwa kata moja na Melkior mpaka naye afukiwe. Melkior akashuka kwenye mashamba ya miwa, akawa kibarua, hakupanda tena mlimani.

Mapadre waliopita walimwambia Vedastus asamehe kisha apokee. Naye aliwajibu wote jibu moja: "Sijamsamehe, Padre. Siwezi kumdanganya Mungu kwa mdomo uleule ninaotaka kumpokea nao."

Mektrida alipika, akalima, akazaa, akasomesha, na katika yote hayo alikuwa na ombi moja tu ambalo hakuwahi kulisema kwa sauti: siku moja mume wake ainuke kwenye lile benchi.

Juma moja kabla ya Jumapili ya Matawi, alasiri, alikuwa akikatia ng'ombe majani aliposikia Vedastus akisema, "Yesu wangu," kwa sauti ambayo hakuijua. Alitoka. Kwenye njia ya kuingilia, kati ya migomba, alisimama mtu mwembamba mwenye koti zito lisilolingana na jua lile. Mkononi alishika jani la sale lililofungwa fundo.

Mchaga akiletewa sale la kuomba msamaha hamrudishi aliyelileta. Hata kama amemuulia mtoto, hamrudishi. Mektrida alijua hivyo, na Vedastus alijua.

"Shikamoo, shemeji," Mektrida alisema.

"Marahaba, Mama Evelyn." Melkior hakumtazama. Alimtazama mdogo wake. "Vedasto. Mimi ndiye mkubwa, na mimi ndiye niliyepanda mlima. Nimekosa kwako, nimekosa kwa baba. Usiponipokea, nitasimama hapahapa mpaka nianguke."

Vedastus alisogea, akalipokea jani kwa mikono miwili.

"Karibu nyumbani, mbe, kaka yangu," alisema. "Mama Evelyn, mbege ipo?"

Ipo. Ilikuwa imeiva tangu jana yake. Ila kabla hajageuka, Mektrida alimwona Melkior akikaribia kigoda, akijigeuza upande wa ukuta, akikohoa ndani ya kola ya koti lake, kikohozi kifupi kilichobanwa kwa nguvu. Jasho lilikuwa limemtanda usoni.

"Shemeji unaumwa?"

"Vumbi la miwa, mama. Na mlima. Nimezoea kutembea pakavu."

Mektrida aliingia jikoni. Alichukua vikombe viwili vya bati, akavichotea mbege, akatoka navyo. Wale ndugu walikuwa wameketi magoti yakikaribiana. Vedastus aliviona vikombe, uso ukamwanguka.

"Hivyo ni vya nini?"

"Maagizo ya Padre, Baba Evelyn. Kila mtu na chake."

Melkior alitabasamu kwa uchungu. "Shemeji, chai nitakunywa kwenye kikombe changu. Hii siyo chai."

"Nilisema nini kaburini kwa baba?" Vedastus aliuliza taratibu. "Nilisema kata moja. Kila mtu alisikia. Nikinywa kivyangu naye akinywa kivyake, nitakuwa nimepatana na nani? Ukileta hivyo, basi iache tu. Akapumzike, kesho arudi tambarare."

Alikuwa hatanii. Mektrida alimjua.

Alirudi jikoni akasimama na vikombe viwili mkononi. Aliukumbuka mgongo wa Basili ukishuka njia ya mfongo. Aliyakumbuka maneno ya Padre, kwamba yeye ndiye macho. Naam, macho yalikuwa yameona: koti, jasho, kola. Angekuwa mtu mwingine yeyote, angekuwa amekwisha kumrudisha kutoka mlangoni. Lakini aliyaona pia yale magoti yakigeuzwa pembeni, Jumapili baada ya Jumapili, Noeli baada ya Noeli, na akajua kwamba Melkior akishuka leo hatapanda tena. Alimimina mbege ya vikombe ndani ya chungu. Akaitungua kata ya kibuyu ukutani, akaipangusa kwa kanga, akaijaza.

Melkior alikunywa kwanza, kama ilivyo kwa anayeomba. Vedastus akapokea, akaweka midomo palepale kaka yake alipoweka yake, akanywa mpaka mwisho.

"Aika, mbe," alishukuru, akafuta machozi kwa kiganja.

Kesho yake, kabla Melkior hajashuka, wale wazee wawili walipanda vipandikizi vya masale mpakani, wakibishana kama wavulana ni wapi hasa mstari wa baba ulipita. Jumamosi Vedastus aliungama kwa Padre Gabriel nje ya kanisa, viti viwili vimewekwa mbalimbali chini ya paa. Na Jumapili ya Matawi, wakati wa Komunyo, aliinuka.

Kanisa zima liliona. Alitembea kama mtu anayevuka kijito asichokijua kina chake. Alipofika mbele ya Padre alifumba macho, akafungua mdomo, kama alivyofundishwa utotoni.

"Mikononi, mzee," Padre alinong'ona. "Siku hizi mikononi."

Vedastus aliduwaa, akaitazama mikono yake, akaipangusa kwenye suruali, akainyosha: viganja vyeusi, vilivyopasuka, kimoja juu ya kingine. Mektrida, kando ya ndoo yake mlangoni, alishindwa kujizuia, akalia mpaka barakoa ikalowa.

Jumatano Kuu Vedastus alisema mwili unamuuma. Ijumaa Kuu hakuweza kumaliza hata bakuli dogo la mtori. Pasaka ilimkuta amekalishwa kitandani, mito mgongoni, akivuta pumzi kama mtu anayevuta kamba nzito kutoka kisimani. Nesi Dainess wa zahanati alikuja na kipimo cha kidoleni, akakitazama, akakitazama tena.

"Mama, amekuwa karibu na mgonjwa yeyote? Mgeni kutoka nje?"

"Hapana," Mektrida alisema.

Neno lilitoka lenyewe. Baadaye alijaribu kujieleza kwamba alitaka kuilinda ile amani, isisemwe vibaya na watu. Labda. Labda alitaka kujilinda mwenyewe.

Hospitali ya mjini ilikuwa imejaa, na Vedastus alikataa kushushwa. Padre Gabriel alikuja amevaa koti la plastiki, akampaka mafuta matakatifu kwa pamba, haraka, akiwa amenyosha mkono kutoka mbali. Vedastus hakulalamika. Kila alipopata pumzi ya kutosha maneno machache, alisema yaleyale: "Nimekunywa na kaka." Alikufa Alhamisi ya juma la Pasaka, asubuhi, masika yakiwa yameanza kupiga bati.

Walimzika kihambani, watu wachache wamesimama kati ya migomba, kila mmoja peke yake kama mgomba. Hapakuwa na mbege wala chakula cha msiba. Wengine walipoondoka, Mektrida alimwona Melkior amesimama ng'ambo ya masale mapya, ambayo mvua ilikuwa imeyashikisha. Alikuwa amekonda, koti linamning'inia, lakini alikuwa anapumua.

"Nilijua, shemeji," alisema kutoka palepale. "Kule kambini kwa vibarua wa miwa, niliyelala naye chumba kimoja walimtoa kwa shuka. Mimi homa ilikuwa imekwisha kunianza. Nikasema, nikifa Vedasto hajanipokea, nitamkuta baba kwa uso gani? Sikufikiri juu yake. Nilijifikiri mimi." Alinyosha mkono. Kulikuwa na jani jingine la sale, lenye fundo. "Nimekuletea wewe."

Mikono ya Mektrida ilibaki chini ya kanga.

"Ulikohoa ndani ya kola," alisema. "Kabla hujakaa kwenye kigoda."

Melkior alimkazia macho. "Uliniona?"

"Nilikuona. Nilikuwa na vikombe viwili, nikavirudisha."

Mvua ilizidi.

"Sale huletewa aliyekosewa," Mektrida alisema. "Mimi sikukosewa, shemeji. Mimi na wewe tumemkosea mtu mmoja, naye yuko chini hapa. Mpelekee yeye."

Mzee alivuka mpaka, akapiga magoti kwenye tope, akalilaza jani upande wa kichwa. Mektrida hakulisogelea.

Alikaa ndani siku zote alizoagizwa, bila kuugua hata mafua. Aliporudi kanisani, masika yalikuwa katikati na ndoo ilikuwa palepale. Mama Kindness alinawa mpaka kwenye viwiko bila kuambiwa.

"Pole tena, mwenzangu," alisema. "Basili anakusalimu. Anasema ulifanya vizuri kumrudisha, hajui angemwambukiza nani."

Katika matangazo, Padre Gabriel alitoa pole kwa familia, kisha akasema kwamba ugonjwa huu hauchagui, umeingia hata katika nyumba ya mtu aliyewalinda wengine kwa uaminifu kuliko wote. Watu waligeuka wakamtazama Mektrida kwa huruma. Yeye alitazama sakafu.

Angeweza kuungama. Juma zima alikuwa amejaribu, akiwa shambani, akiwa jikoni mbele ya kata iliyorudi ukutani. Uongo aliomwambia nesi aliujutia bila shida. Lakini anayeungama sharti ajute yote, na kila alipoifikia ile kata, kila alipojaribu kutamani kwamba angeshika vikombe vyake na kusimama imara, alimwona Vedastus amesimama mbele ya altare, viganja vyeusi vimenyoshwa, kimoja juu ya kingine. Majuto yakakatika hapo. Asingekwenda kumwambia Mungu kwamba anayo.

Kengele ililia. Watu wa benchi lake waliinuka.

"Twende, Mama Evelyn," Mama Kindness alinong'ona. "Foleni inasogea."

"Tangulia."

"Nikusubiri?"

"Pita tu, mwenzangu."

Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, upande wa njia. Aligeuza magoti pembeni ili wenzake wapite, kisha akayarudisha.