Shule ya Mkono wa Kushoto

Baltazar alihamishiwa Katesh kutoka Bukoba kuwa mpima ardhi, na miezi ya kwanza aliimaliza akilalamikia upepo, vumbi na ukosefu wa watu wenye upeo. Ukosefu wa upeo ndio uliomuuma zaidi. Jioni wenzake walikwenda kula nyama choma na kubishania mpira. Yeye alibaki chumbani na simu, akitafuta jambo ambalo hakuna mwingine wilayani angelijua.

Akalipata. Mjerumani mmoja mwenye ndevu alikuwa akifundisha mtandaoni jinsi watu wa Ulaya walivyopigana kwa upanga mrefu miaka mia sita iliyopita, upanga wa kushikwa kwa mikono miwili. Baltazar aliiegemeza simu dirishani, akashika mpini wa jembe, akamwiga yule bwana hatua kwa hatua. Baada ya wiki tano alijiona amefuzu. Akamwagiza fundi seremala Basili amchongee panga kumi za mbao, kisha akaanzisha chama.

Walijiandikisha tisa. Miongoni mwao walikuwa Tito, mwalimu wa fizikia, na Odilia, muuguzi kijana mwenye macho ya kudadisi. Kila Jumamosi walikutana uwanjani, vichwani wamevaa helmeti za bodaboda, mlima Hanang ukiwa mgongoni mwao. Baltazar aliwakataza kucheka. Aliwaambia huu si mchezo, ni elimu. Kila mkao aliutaja kwa jina la Kijerumani, akilitamka alivyoona inafaa, na kwa kuwa hakukuwa na wa kumsahihisha, alitamka kwa sauti kubwa.

Mwezi wa sita wa mafunzo, mzee Gidabuday alipita na ng'ombe wake akisimama kila baada ya muda kuwatazama. Baltazar alimwamkia shikamoo kwa heshima, akingoja sifa. Mzee aliitikia, akaegemea fimbo yake.

"Hawa wote wanatumia mkono wa kushoto?" aliuliza.

Baltazar alimweleza kwamba ndivyo upanga ulivyoshikwa Ulaya: mkono wa kushoto juu, wa kulia chini.

"Na maadui zao nao walishika hivyo hivyo?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi ilikuwa nchi ya watu wa shida," alisema Gidabuday, akawafuata ng'ombe wake.

Swali lile lilimfuata Baltazar hadi nyumbani. Aliifungua video ya kwanza kabisa. Mkono wa kulia wa Mjerumani ndio uliokuwa juu. Mguu wake wa kushoto ndio uliotangulia. Baltazar alikuwa amesimama kumkabili, kama mtu anayejitazama kwenye kioo, na kila kitu kikageuka. Yeye, mtu anayelipwa kujua upande upi wa jiwe la mpaka ni wa nani, alikuwa amefundisha watu tisa kinyume kwa nusu mwaka.

Alikaa kitandani akiona aibu ya kweli. Angeweza kuwaambia. Wangecheka siku moja, yakaisha. Lakini hakuhamia Katesh ili achekwe na mwalimu wa fizikia.

Jumamosi iliyofuata aliwatangazia kwamba zilikuwapo shule mbili za upanga, na kwamba yeye kwa makusudi aliwachagulia ile adimu, Shule ya Kushoto, ya kale kuliko nyingine. Tito aliandika kwenye daftari. Odilia aliuliza mwanzilishi wake alikuwa nani. Baltazar alijibu kwamba jina lake lilipotea vitani.

Odilia aliwahi kumwona mwalimu wake dirishani akimwiga Mjerumani kwenye simu. Alikwenda kuitafuta ile video, akaitazama mara mbili, na tangu siku hiyo akawa anajifua peke yake nyuma ya nyumba za wauguzi, mkono wa kulia ukiwa juu.

Kisha likaja bonanza la michezo la watumishi wa serikali. Baada ya kuvuta kamba, chama kilipewa nafasi ya kuonyesha kazi yake, na hapo ndipo alipojitokeza Konrad, daktari wa mifugo kutoka Ujerumani aliyekuwa akichanja ng'ombe Dongobesh. Kwao alikuwa ameshika upanga miaka kumi. Baltazar alipolisikia hilo, aliikaza kamba ya helmeti yake.

Konrad aliwatazama, akauliza kwa Kiswahili chake cha darasani kwa nini wote wanatumia kushoto. Baltazar akairudia hadithi yake ya shule adimu. Alitarajia kuumbuliwa. Badala yake Mjerumani alitoa simu na kuanza kurekodi, macho yakimng'aa.

"Huenda ililetwa na askari wa zamani wa Kijerumani," alisema Konrad. "Kwetu imepotea. Kwenu imebaki."

"Inawezekana," alisema Baltazar.

"Wewe ulifundishwa na nani?"

Baltazar alitazama umati, akaitazama kamera.

"Na babu yangu," alisema.

Konrad akaomba kuona pambano. Odilia alitoka mbele bila kuitwa, akamkabili Baltazar. Walipoinamiana kusalimiana, Odilia alibadilisha mikono, wa kulia ukawa juu. Pigo la kwanza lilitua juu ya helmeti ya Baltazar kabla hajanyanyua upanga. La pili lilitua palepale. La tatu Baltazar alilikwepa kwa kujikwaa, akaanguka, akainua kiganja kusimamisha pambano na kusema kwamba mkono ule hauruhusiwi.

Odilia alivua helmeti.

"Mwalimu," aliuliza kwa upole, "babu yako alikuwa anatumia simu gani?"

Tito ndiye aliyeanza kucheka, kisha uwanja mzima. Konrad alieleweshwa kando, taratibu, kwa Kiingereza. Lakini video alikuwa ameshawatumia wenzake Ujerumani, wengi wakaipenda, naye akaona si busara kuwaharibia furaha.

Jumamosi iliyofuata Odilia ndiye aliyefundisha. Alisimama akiwapa mgongo ili wamwige bila kukosea. Baltazar alichelewa kufika, akajipanga mstari wa nyuma. Kwa mkono wa kulia alikuwa mbovu kuliko wote. Nusu mwaka wa kiburi ulikuwa umeshaingia kwenye misuli. Odilia alimjia, akamsogeza mguu kwa ncha ya upanga wa mbao, akamwinua kiwiko. Baltazar alitaka kumweleza kwamba yeye alikuwa ameligundua kosa mapema, kabla ya mtu yeyote. Alifungua mdomo, akaona maneno hayo yangezidi kumchafua, akaufunga.

"Tena," alisema Odilia, naye akarudia.