Hakuna Joto Humu Ndani

"Uongozi unapenda kuwatangazia wafanyakazi wote, wageni wote na wapenda maendeleo wote kwamba, baada ya uchunguzi wa kina, imethibitika pasipo shaka yoyote kuwa ndani ya jengo hili hakuna joto."

Tangazo hilo lilipigwa chapa kwa herufi kubwa, likagongwa muhuri mara mbili, likabandikwa kwenye ukumbi wa kushonea, ghorofa ya tatu, chini ya bati. Lilikaa ukutani dakika kumi na moja. Kisha gundi ya utepe ikalainika, karatasi ikajikunja, ikaachia ukuta kwa heshima zote na kutua juu ya meza ya Mkasi.

Mkasi alikuwa mkata vitambaa mkuu. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, ila lilikuwa likizoni miaka mingi. Aliliokota tangazo, akajipepea nalo.

"Afadhali," alisema. "Uongozi umetuletea kipepeo."

Ukumbi mzima ukacheka, cherehani arobaini zikasimama, na kutoka mlangoni ikasikika sauti ya aliyeliandika.

"Cheka, cheka tu! Mdomo huo ungekuwa cherehani, ningekuwa tajiri."

Huyo ndiye mwenye jengo na mwenye cherehani, na zaidi ya hayo ni dada yake baba yake Mkasi. Wengine walimwita Bosi. Mkasi alimwita Shangazi, hata pale alipotamani kumwita kitu kingine. Ofisi ya Shangazi ilikuwa chini kabisa, penye kiyoyozi kilichokoroma kama paka aliyeshiba. Huku juu kulikuwa na mapangaboi manane, yaliyokula umeme kutwa nzima kwa kazi moja tu: kutoa joto kichwani kwa huyu na kulipeleka kichwani kwa yule. Bati lilikuwa jembamba, limepakwa rangi nyeusi, kwa sababu Shangazi aliamini kwamba paa jeusi ndilo linalolipa jengo la biashara sura ya maana.

Sasa paa hilo lilikuwa limeoza kwa kutu na lilikuwa linabadilishwa. Mabati mapya, meusi vilevile, yalikuwa yamekwisha kuchaguliwa. Yangepigiliwa Jumamosi, na bati likishapigiliwa, huo ni mkataba wa miaka thelathini.

Mkasi asingelia na miaka thelathini kama si Mama Vifungo. Mama huyo ndiye aliyemfundisha kushika sindano, na sasa macho na miguu vilikuwa vimeanza kumsaliti, ila vidole bado vilikuwa vya msichana. Mwezi ule alikuwa amezimia mara mbili kwa joto. Mara ya pili alianguka kifudifudi ndani ya sanduku la vifungo, akazinduka na kifungo cha matundu manne kimejichora shavuni. Shangazi alimpa pole kwa dhati, kisha akaamua kwamba kuanzia Jumamosi Mama Vifungo "apumzike nyumbani". Kila mtu alijua mapumziko hayo hayana tarehe ya kurudi.

"Anayehitaji kupumzika ni paa," Mkasi alisema. "Weka bati jeupe, Shangazi. Chini yake tuweke magodoro ya vitambaa chakavu. Kila Ijumaa tunachoma magunia sita ya vipande nyuma ya jengo, tunawavutisha majirani moshi. Vipande hivyohivyo vingetukinga."

"Magodoro! Bati likalale?"

"Fundi, mwambie."

Fundi wa mapaa alikuwa mtu wa maneno machache, tena alizungumza huku njiti ya kiberiti ikiwa pembeni mwa mdomo. "Bati jeupe humrudisha jua alikotoka," alisema. "Bati jeusi humkaribisha ndani na kumtandikia kitanda. Hayo magodoro nikiyatia dawa ya kuzuia moto na wadudu, yanakaa miaka."

Shangazi aliwatazama wote wawili kama mtu aliyeuziwa mbuzi ndani ya gunia. Lakini alikuwa na kiburi cha haki: hakupenda kuambiwa amekataa kitu bila kukijaribu. Ukumbi ulikuwa umegawanywa katikati kwa ukuta wa mbao. Basi akakubali upande mmoja upakwe chokaa nyeupe juu na kuwekewa magodoro chini, mwingine uachwe na weusi wake. Kila upande ungetundikwa kipimajoto kwa siku tatu.

"Ijumaa saa tisa tunasoma," alitangaza. "Tofauti ikifika nyuzi tano, nanunua meupe na Mama Vifungo anabaki. Isipofika, meusi yanapanda, na asinisumbue mtu mpaka mnanizika."

"Na tutakuzika mahali penye kivuli, Shangazi, wewe usiyependa joto."

Hapo wakaanza kujibizana, shangazi na mtoto wa kaka, kwa namna ambayo ukumbi uliipenda kuliko redio. Wakati huohuo Fundi alikuwa anaeleza jambo refu kuhusu kijiti chekundu kilichomo ndani ya kipimajoto. Mkasi hakusikia hata neno. Alikuwa anashinda.

Usiku huo na kesho yake wanawake walishona magodoro. Fundi akapaka chokaa. Jumatano asubuhi kila kitu kilikuwa tayari, isipokuwa jua. Jua lililowachoma miezi minne mfululizo bila hata Jumapili lilijifunika mawingu na kukataa kabisa kutoa ushahidi. Jumatano, tofauti nyuzi mbili. Alhamisi, mbili na nusu. Ijumaa mawingu yakazidi kuwa mazito, na Shangazi akawa anapanda ngazi akiimba.

Dakika kumi kabla ya saa tisa, wenzake wakiwa bado chini kwenye chakula, Mkasi alisimama peke yake upande wa bati jeusi. Mkono mmoja ulishika pasi iliyopata moto. Nia yake ilikuwa ya kiasi: thelathini na sita tu, basi. Akaisogeza pasi karibu na kipimajoto. Thelathini na tatu. Thelathini na nne. Kisha kile kitu kikapandwa na wazimu: arobaini na tano, hamsini na tano, na zaidi. Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Mkasi akaitupa pasi pembeni, akaungua kidole, akakamata kipande cha boksi na kupepea kama anayefufua maiti, mpaka namba zikashuka hadi thelathini na sita kamili. Akapangusa jasho. Akakaa mezani pake na kukata mkono wa shati kwa utulivu wa mtu aliyetoka kusali.

Saa tisa ukumbi ulijaa.

"Upande mweupe, thelathini," Fundi alisoma. Akavuka ukuta wa mbao, na wote wakamfuata. "Upande mweusi, thelathini na sita."

Vigelegele vikapasuka. Mama Vifungo akakumbatiwa na watu watano kwa pamoja. Lakini Shangazi alikuwa anavaa miwani.

"Fundi, hiki kijiti chekundu ulisemaje vile?"

Fundi akaitoa njiti mdomoni. "Hicho joto hukisukuma juu. Joto likishuka, chenyewe hakishuki. Hubaki pale joto lilipofika mwisho."

"Soma."

Fundi alisoma, akasoma tena. "Sitini na nane."

"Sitini na nane!" alisema Shangazi. "Kwa joto hilo sisi sote hapa ni kitoweo! Mchezo umekwisha. Kesho meusi yanapanda."

Mama Vifungo alianza kukusanya makopo yake, moja baada ya jingine. Mlio wa vifungo ndani ya makopo ulimwingia Mkasi mpaka kwenye mifupa. Akainua kiti chake. Akakibeba kichwani, akavuka ukuta wa mbao, akakiweka upande mweupe na kukikalia.

"Kesho mpigilie," alisema. "Mimi nashonea huku."

Akafuata wa pili. Akafuata wa kumi. Viti vikapita juu ya vichwa, vingine na makopo ya vifungo, na mwisho kabisa mwenyewe Mama Vifungo, amebebwa pamoja na kiti chake kama bibi harusi. Watu arobaini wakakaa mahali pa ishirini, magoti kwa magoti.

"Fundi!" Shangazi aliita.

"Nami nimechoka, Bosi," alijibu Fundi kutoka upande mweupe. "Napumzika kidogo na nyundo yangu."

Ndipo jua, lisilo na adabu hata chembe, likatoka. Shangazi alibaki peke yake chini ya bati jeusi na hakuwa mtu wa kukimbia. Alisimama. Bati likaanza kulia tak, tak, kwa kutanuka. Kitambaa chake cha kichwani kikalowa, akakivua. Akafungua kifungo cha shingo. Akajaribu kuimba, wimbo ukamkaukia.

"Kipimajoto hupima hewa tu," Fundi alimwambia kwa upole. "Bati lenyewe hupimwa na utosi."

Alivumilia dakika ishirini, na mtu apewe haki yake. Kisha akaja mlangoni mwa ukuta wa mbao, akaingiza kichwa upande mweupe, akakiacha hapo kwa muda mrefu kidogo.

"Hayo meupe," alisema hatimaye, "yanapatikana lini?"

"Jumatatu."

"Basi Jumatatu. Na wewe mama, acha kunitazama hivyo, panga makopo yako." Watu wakataka kushangilia, akanyoosha kidole. "Bado! Nimeshindwa na paa, sijashindwa na mwizi. Nani aliyechemsha kipimajoto changu?"

Watu arobaini wakaanza kuzichunguza kucha zao.

"Mimi," alisema Mama Vifungo.

"Wewe pasi huiwezi hata ikiwa baridi. Mkasi, lete mkono."

Mkasi aliutoa mkono usio sahihi.

"Ule mwingine, mtoto wa kaka yangu."

Kidole kilikuwa chekundu, na lengelenge juu yake liling'aa kama shanga. Hakikuwa na wakili.

"Ni mimi, Shangazi," alisema Mkasi na kusimama wima. "Pasi niliishika mimi. Nilitaka thelathini na sita, hiyo sitini na nane ni ujinga wangu. Kwa kipimajoto naomba radhi. Kwa paa siombi radhi, hata ukinirudisha kwa baba leo hii, nitapanda basi la kwanza nirudi kulipigania." Ile sauti ya ushujaa ikamshuka ghafla. "Ila kuna jambo jingine, na hili naomba radhi sana. Ile blauzi yako ya kijani uliyoniletea nipunguze kiuno... pasi nilipoitupa, iliangukia hapo."