Bi Mkasi na Mkeka wa Kidoleni

Kitendawili! Maji yamesuka mkeka, nyumba zikahama juu yake kwa miguu.

Msijibu upesi, wajukuu. Usiku wa jana niliota kidole changu mwenyewe kinanitegea hicho, nami, mtegaji wa mtaa mzima, nikakosa jibu!

Ni kidole hiki nilichojikata nikichana ukindu wa mkeka wa harusi ya dada yenu Mwanahija. Harusi Ijumaa, mkeka haujafika nusu, na kidonda kila siku kibichi.

"Basi ingia utazame," kidole kikasema. Nikavua viatu, nikaingia.

Ndani kuna mto mwekundu. Nyuzi zinaelea tele, hazigusani. Anatokea mwanamke mfupi, mkasi mkononi. Ndiye Bi Mkasi. Anakata ncha za nyuzi, kacha, kacha! Kila uzi uliokatwa unamrukia mwenziwe, unang'ang'ania. Punde mkeka umetanda ukingo hadi ukingo.

"Lo! Mimi mkeka kama huu wanichukua mwezi!"

"Wewe bado mwanagenzi, bibi. Ngoja."

Mara kando ya mto pametokea kichochoro. Bi Mkasi anapita nyumba kwa nyumba, anakata makomeo ya milango.

"Ebo! Waharibu milango ya watu?"

"Hiyo ndiyo hodi yangu. Nikigonga hawasikii."

Kweli bwana! Komeo likishakatwa, lenyewe linageukia ndani na kupiga kelele: "Amkeni! Kumebomoka huko!" Nyumba zinajing'oa, zinaota miguu, zinatambaa juu ya mkeka kwenda kuziba pengo nililojikata. Moja inanipita na moshi wa jikoni bado unafuka. Napiga vigelegele peke yangu!

Ghafla likashuka jembe kubwa lenye hina, likaubandua mkeka wote. Nyumba zikaporomoka mtoni.

"Mwenye jembe hili huja kila asubuhi," akasema Bi Mkasi, "kuchungulia kama tumemaliza."

Nikalitazama jembe. Hina ile naijua, nimeipaka kwa mkono wangu. Ni ukucha wangu.

"Anataka kujua kama amepona," nikanong'ona.

"Na wewe mkeka wa harusi waufumua kila asubuhi, ujue kama umekwisha?"

"La."

"Haya basi." Akalishika jembe, akalikata ncha. Kacha! Kisha akarudi kwenye nyuzi zake, akaanza upya. "Na kitendawili hujajibu," akasema bila kugeuka.

Nikaamka. Ukucha wangu uko juu ya kidonda, unakwangua, lakini haushiki kitu. Ncha yake imekatwa sawasawa, na mkasi wetu uko kwa fundi tangu juzi.

Nikamwita Mwanahija kwa kelele, akaja mbio, kanga begani. "Kitendawili!"

"Bibi, alfajiri hii? Haya, tega."

Nikatega. Mwanahija akakishika kidole changu, akakitazama, akausogeza mkono wangu wa pili pembeni.

"Kigaga, bibi. Kiache hapo, nyumba bado zinahama."