Balbu ya Bwana Zima

Mkwe wangu tunamwita Bwana Zima, kwa kuwa akiingia ndani neno lake la kwanza ni hilo: "Zima hiyo!" Salamu huja baadaye.

Jumamosi mchana alileta balbu za kupunguza umeme, zile za mirija iliyojisokota kama utumbo wa kuku. Ya jikoni tulikuwa nayo tayari. Ukiiwasha, huamka kama mtu aliyeitwa kwenye kazi asiyoitaka. Chai inachemka kwanza, ndipo uione sufuria. Nami sindano naitunga uzi dirishani, nisimuudhi mtu.

Akapanda kiti sebuleni. Badala ya kuishika balbu kitakoni, akaishika mirija na kuizungusha kama anafungua chupa. Paa! Vioo vikamwagika juu ya zulia, pale pale anapotambaa mjukuu wangu kutwa, akiokota kila kitu na kukionja.

Mwanangu, mkewe, akachukua ufagio.

"Weka chini!" nikasema. "Umesoma boksi?"

"Mama, nani anasoma boksi la taa?"

Mimi. Shule niliishia ya msingi, kwa hiyo bado naamini kilichoandikwa. Mle ndani mna zebaki, na zebaki ni sumu. Ikivunjika, fungua madirisha, toa watu, usifagie, maana ufagio huitimua hewani.

Tukatoka sote uani, Bwana Zima kambeba mtoto.

"Kitendawili!" nikasema.

"Tega," akajibu shingo upande.

"Mgeni wangu hali sana, ila akianguka wenyeji wanahama."

Mwanangu alicheka mpaka akakaa chini. Mumewe hakucheka.

Hewa ilipobadilika nikaingia, nikaokota vipande kwa kadibodi, vumbi nikalinasa kwa selotepu, vyote nikavitia kwenye chupa yenye kifuniko. Likabaki zulia. Alilichagua mkwe mwenyewe, na viatu haviligusi.

"Mama, mnakuza mambo," akasema. "Zebaki yenyewe haizidi ncha ya kalamu. Zulia ni salama kabisa."

"Vizuri, baba. Basi mweke mtoto chini atambae."

Akalitazama zulia. Akamtazama mtoto, aliyekuwa akirusha miguu ashuke. Akamhamishia mkono wa kushoto, kisha akamrudisha wa kulia.

"Ana usingizi," akasema.

Mtoto alikuwa macho makavu.

Mwishowe akanikabidhi binti yake, akalikunja zulia, akalibeba begani hadi nje. Aliporudi akatutangazia kwamba, kwa kweli, chumba kisicho na zulia ndicho chenye afya.