Mgawo wa Shamba la Mzee Nyamhanga

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia vijijini na malori yao, Wanzagi wa Butiama aliota kuwa mkulima mkubwa wa zao hilo. Siku ya kumaliza matanga ya baba yao, Mzee Nyamhanga, alisimama mbele ya ukoo akatangaza kwamba shamba lote ni lake, kwa kuwa ndiye kifungua mimba. Wadogo zake wakainama. Nani angembishia, naye ndiye mwenyekiti wa kitongoji?

Dada yake Jenoveva, mwalimu wa historia huko Bunda, akanyanyuka.

"Kaka, juzi nilikuwa nafundisha habari za Amerika. Walipoachana na mfalme wa Uingereza, baadhi ya majimbo yao yalikuwa na sheria kama hiyo yako: mzaliwa wa kwanza anazoa ardhi yote. Wakaifuta."

"Kwa nini?" Wanzagi akauliza.

"Waliogopa. Familia chache zikishika ardhi yote, zitashika na serikali. Watakuwa wamejiwekea mfalme mwingine."

Wanzagi akaangua kicheko. "Amerika hiyo hiyo ya matajiri? Ndiyo mnafundishaga huko shuleni? Na watumwa wao je, waliwagawia ardhi?"

"Hawakuwagawia hata tuta moja," Jenoveva alikubali. "Ugonjwa waliujua, dawa hawakuimaliza. Ndiyo nasema sisi tuimalize."

Watu wakacheka. Masatu, mtoto wa pili wa Wanzagi, mwanamume wa ndevu aliyekuwa anajiandaa kuoa, akauliza kwa adabu, "Baba, kwa hiyo mimi na wadogo zangu tutakuja kulima wapi?"

Hilo Wanzagi hakuwa ameliwaza. Mkewe Ghati, mama wa wana wanne, alikuwa anamkazia macho.

"Wifi," Ghati akamwambia Jenoveva, "huyu asipojibu vizuri, leo atakula pamba."

Ukoo mzima ukavunjika mbavu, na Wanzagi mwenyewe akajikuta anacheka hadi machozi. "Haya, leteni kamba tugawane!"

Jioni hiyo walipima shamba kwa kelele na utani, wakachomeka miti ya minyaa mipakani. Jenoveva naye alikatiwa kipande kando ya kijito, jambo ambalo hakulitegemea kabisa. Akavua viatu vyake vya mjini, akaingia kwenye udongo, na hapo hapo akaanza kubishana na kaka yake kama pale papandwe mihogo au viazi.